Mfupa wa Ishango na Wasomaji Wake

Kurasa hizi za uhakiki zimezoea kupokea riwaya, tamthilia na diwani za mashairi, kwa hiyo msomaji atashangaa kuona kwamba safari hii nimeleta mfupa. Tena si ule mfupa wa ngano uimbao na kumtaja muuaji. Ni mfupa uliochimbuliwa ardhini mwaka 1950 mahali paitwapo Ishango, upande wa Kongo wa Ziwa Edward, pale ambapo mto Semliki unaanza safari yake ya kwenda Ziwa Albert. Urefu wake ni kama sentimita kumi tu. Hauzidi penseli ya mwanafunzi iliyokwisha kuchongwa mara nyingi. Hata hivyo umeandikiwa kurasa nyingi kuliko riwaya zetu nyingi. Nimeuleta hapa kwa sababu wote walioandika juu yake wamefanya kazi ileile tunayoifundisha darasani, nayo ni kusoma. Wameshika kitu chenye alama, wakauliza alama hizo zina maana gani, kisha wakatoa majibu yao kwa ujasiri mkubwa. Majibu hayo ndiyo ninayokusudia kuyahakiki.

Kwanza tuseme jinsi ulivyopatikana, kwani namna kitu kilivyotoka ardhini ni sehemu ya maana yake. Aliyeongoza uchimbaji ni Jean de Heinzelin de Braucourt, mwanajiolojia wa Kibelgiji ambaye wakati huo alikuwa na umri wa kama miaka 30. Kongo ilikuwa bado koloni la Ubelgiji, na Ishango ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo twaijua kwa jina la Virunga. Hapo ukingoni yalikutwa makao ya watu wa kale waliokuwa wakiishi kwa kuvua na kuwinda, ambayo hatimaye yalifunikwa na udongo na majivu ya volkano. Ilikutwa mifupa ya samaki na ya wanyama, mawe ya kusagia, mabaki ya wanadamu wenyewe, na vyusa vilivyochongwa kwa mfupa, vyenye miiba pembeni. Katikati ya mabaki hayo ndipo ulipotokea mfupa wetu.

Hapa sina budi kupumzika kidogo juu ya neno chusa. Wanafunzi wetu wa bara hawalijui. Wakiona picha ya chombo hicho husema "mkuki wa samaki", na wengine huchukua neno la Kifaransa au la Kiingereza kama lilivyo. Mvuvi wa pwani atawacheka. Chusa ndilo jina la chombo hicho, na kama lipo neno la Kiswahili linalostahili kuingia darasani pamoja na habari za Ishango, ni hilo. Si mbali na hapo, kando ya mto huohuo, mahali paitwapo Katanda, vimepatikana vyusa vya mfupa vinavyokadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 90,000, ingawa wataalamu wengine wameubisha umri huo. Wavuvi wa Ishango basi walikuwa warithi wa ufundi mkongwe, na mtu anayetaka kustaajabu ana mengi ya kustaajabia kabla hajafika kwenye hesabu.

Jambo jingine la kutazamwa ni kitenzi. Masimulizi ya kawaida husema kwamba de Heinzelin "aliugundua" mfupa huo, na sentensi inakwisha hapo. Katika kambi za uchimbaji za zama zile jembe na koleo vilishikwa na vibarua wenyeji, na jina la kibarua halionekani katika masimulizi hayo yanayotufikia. Simdhulumu mwanajiolojia huyu haki yake. Yeye ndiye aliyejua tabaka lipi limelala juu ya lipi, na ndiye aliyeona kwamba mikato ile haikuwa michubuko ya meno ya fisi. Lakini mwalimu anayefundisha nafsi na wakusika katika masimulizi hawezi kukosa kuona kwamba hadithi hii imebaki na mhusika mmoja, ilhali shimo halikuchimbwa na mtu mmoja.

Sasa tuutazame mfupa wenyewe. Ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, umelainishwa, na kwenye ncha yake moja imepachikwa chembe ya jiwe gumu la kwatzi. Kwa miaka mingi umeelezwa kuwa ni mfupa mwembamba wa mguu wa nyani. Umechanjwa mikato mifupi iliyopangwa katika safu tatu, na katika kila safu mikato imekusanywa mafungu mafungu, fungu na fungu likitengwa kwa nafasi. Safu ya kushoto ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Safu ya kulia nayo ina manne: 11, 21, 19 na 9. Safu ya katikati ina manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Ukijumlisha, kushoto unapata 60, kulia 60, katikati 48. Umri wake de Heinzelin aliukadiria kuwa mdogo zaidi. Uchunguzi wa miaka ya 1980 uliurudisha nyuma hadi zaidi ya miaka 20,000. Leo umehifadhiwa Brussels, katika makumbusho ya sayansi ya viumbe.

Huo ndio matini. Kila mhakiki wa mfupa huu ana namba hizo kumi na sita, nafasi zilizo kati yake, na chembe ya kwatzi, hana zaidi. Hata namba zenyewe hazikubaliwi na wote, kwa kuwa uso wa mfupa umelika, na yule anayehesabu kumi katika fungu la tano la safu ya katikati hubishana na yule anayehesabu tisa.

Msomaji wa kwanza ni de Heinzelin mwenyewe, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1962 katika jarida la Scientific American la Marekani. Makala hayo nayaheshimu. Aliona kwamba katika safu ya katikati 3 hufuatwa na 6, 4 na 8, na kwamba 10 hufuatwa na 5, yaani kuna kuongeza maradufu na kugawa nusu. Aliona katika safu ya kulia kumi na moja zaidi, ishirini na moja zaidi, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja. Na katika safu ya kushoto akaona jambo ambalo ndilo lililoutia mfupa huu umaarufu: 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, yaani namba zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, tena ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20.

Hapo ndipo ninapomwacha. Zitazame safu mbili za pembeni bila ya kuwa na jina lolote kichwani: 11, 13, 17, 19, 11, 21, 19, 9. Sifa inayoonekana kwa macho ni kwamba zote nane ni witiri. Hakuna hata moja ya shufwa. Sasa, namba witiri kati ya 10 na 20 ni tano tu, nazo ni 11, 13, 15, 17 na 19, na katika hizo tano ni 15 peke yake isiyokuwa tasa. Mtu aliyependa witiri kwa sababu yoyote ile, ya mchezo, ya ibada au ya mazoea, na akachagua nne katika hizo tano, angeweza kuangukia namba tasa zote bila ya kuwa na habari nazo. Na kama mchanjaji alikuwa akitafuta utasa, mbona upande wa pili aliweka 21 na 9? Na mbona hakuanza na 2, 3, 5 na 7, ambazo ndizo mwalimu yeyote wa hesabu huanza nazo? Peter Rudman, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 juu ya chimbuko la hesabu, ametoa pingamizi nyingine: dhana ya namba tasa haisimami bila ya dhana ya kugawanya, na hatuna ushahidi kwamba watu wa zama hizo walikuwa wamefikia kuifikiri. Mimi naona hoja ya witiri inatosha. Utasa umo katika kichwa cha msomaji aliyepitia shule. Uwitiri umo katika mfupa.

Tena de Heinzelin alikwenda mbali zaidi. Alidhani kwamba ufundi wa Ishango ulisafiri kaskazini hadi Misri, na kwamba njia ya Wamisri ya kuzidisha kwa kuongeza maradufu huenda ilikuwa na mzizi wake kando ya ziwa hili. Dhana hiyo ilikuwa na sura ya ukweli wakati mfupa ulipodhaniwa kuwa mchanga. Ulipozeeka kwa maelfu ya miaka, daraja likabaki na nguzo mbili na mto mpana mno katikati. Cha kusikitisha ni kwamba wanaoisimulia habari hii hadi leo huchukua umri mpya wa mfupa pamoja na dhana ya Misri iliyotegemea umri wa zamani, kana kwamba vyote viwili vyaweza kukaa chungu kimoja.

Msomaji wa pili, Alexander Marshack, Mmarekani, alitumia hadubini. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, The Roots of Civilization, alidai kwamba mikato ile ni kumbukumbu ya siku za mwezi mwandamo, kiasi cha miezi sita. Sifa yake ni kwamba aliutazama mfupa wenyewe na si michoro tu. Alitofautisha mikato mirefu na mifupi, ya kina na ya juujuu. Udhaifu wake ni wa kawaida kwetu sisi wahakiki wa mashairi: ni yule msomaji aliyekwisha kuamua kwamba shairi ni la mapenzi, basi kila "maji" yakawa machozi. Jumla ya mikato yote ni 168. Miezi sita ya mwandamo ni siku 177. Tofauti ni siku tisa, nayo si ndogo kwa mtu anayehesabu siku moja moja. Twaweza kusema kwamba mawingu yalifunika mwezi, au kwamba siku za giza hazikutiwa mkato, au kwamba mchanjaji alianza mwezi ukiwa umekwisha kuandama. Lakini dhana ambayo ina udhuru kwa kila pengo haipimiki tena.

Claudia Zaslavsky, aliyeandika kitabu cha Africa Counts mwaka 1973, baadaye aliongeza swali kwenye dhana ya Marshack: kama ni kalenda ya mwezi, ni nani aliyekuwa na haja nayo zaidi ya mwanamke anayefuata siku zake? Swali hilo limewachekesha baadhi ya wasomi, nami sioni la kucheka. Halithibitishi lolote juu ya mfupa, ila limetufichulia kwamba wasomaji wote waliotangulia walimwona mchanjaji kuwa mwanamume bila ya kulisema. Wanafunzi wa Kiswahili wana bahati hapa, kwani kiambishi cha nafsi ya tatu katika "alichanja" hakibagui mume wala mke. Sentensi yetu iko wazi zaidi kuliko ya Kifaransa. Ni sisi wenyewe tunaoufunga uwazi huo tunapoanza kusema "mzee yule".

Mwaka 1999 Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck walitoa usomaji mwingine, kwamba jumla za 60, 60 na 48 zaonyesha hesabu ya msingi wa kumi na mbili. Ni kweli kwamba 60 ni kumi na mbili mara tano, na 48 ni mara nne. Ni kweli pia kwamba mtu aweza kuhesabu hadi kumi na mbili kwa mkono mmoja, kidole gumba kikipita juu ya pingili tatu za kila kimoja cha vidole vinne vilivyobaki. Na ni kweli kwamba katika Nigeria ya kati zipo lugha zinazohesabu kwa msingi huo, Kigwandara cha Nimbia kikiwa mfano. Kweli tatu hizo zikiwekwa pamoja huvutia sana. Lakini 60 ni kumi mara sita vilevile, na ishirini mara tatu, na yule wa kwanza alikwisha kuziona kumi na ishirini katika safu ya kulia. Matini yaleyale yametoa misingi miwili.

Kuhusu kutumia lugha za leo kuusomea mfupa wa jana, mwalimu wa Kiswahili ana la kusema. Katika majina yetu ya namba za moja hadi kumi, sita, saba na tisa yametoka Uarabuni. Kiswahili cha kale kilisema tandatu, fungate na kenda. Fungate limebaki kwa maharusi na siku zao saba. Kenda hulisikia kwa wazee na katika mashairi. Tandatu limekwisha kutoweka midomoni mwa wengi. Mabadiliko hayo yamepita katika lugha moja, kwa muda wa karne chache tu, watu wakiendelea kuuza na kununua kila siku. Lugha za Kibantu zenyewe zimefika nchi za Maziwa Makuu katika miaka kama elfu tatu ya karibuni, wakati mfupa wa Ishango ulikuwa umekwisha kulala ardhini kwa zaidi ya miaka elfu kumi na saba. Hatujui waliouchanja walisema lugha gani. Hatuna hata neno moja lao.

Na hilo ndilo kiini cha uhakiki wangu. Anayesoma miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ajua taabu iliyomo: herufi moja yaweza kuwa b au p, nyingine f au v, na irabu mara nyingine hazikutiwa. Pamoja na hayo muswada husomeka. Husomeka kwa sababu msomaji anayo lugha; akiona umbo lenye sura mbili, sikio lake humwambia ipi ni neno na ipi si neno, na mizani ya beti humrudisha akipotea. Mfupa una maandishi, kama tukikubali kuyaita hivyo, lakini lugha yake imekufa bila ya kuacha mrithi wala kamusi. Hapana sikio la kumwambia msomaji kwamba amekosea. Kwa hiyo kila msomaji ameleta sikio lake: mwanajiolojia aliyejua namba tasa akazisikia, na mtaalamu wa mwezi akasikia mwezi.

Watu huuita mfupa huu kitendawili. Nami nakubali neno hilo kwa sharti kwamba tukumbuke kanuni za mchezo. Kitendawili kina mtegaji na wategewa. Wategewa hujaribu, wakishindwa, mtegaji husema "nipeni mji", nao humpa mji, naye baada ya kuutalii hutoa jibu, na jibu lake ndilo, hata kama yule wa pembeni alikuwa na jibu zuri zaidi. Mamlaka ya jibu ni ya mtegaji. Katika fumbo la Ishango mtegaji amekwenda zamani, na hata tukitoa miji yote kuanzia Kasese hadi Kinshasa hakuna wa kuipokea.

Niliwahi kuandika namba hizi ubaoni kwa wanafunzi wa kidato cha tatu bila ya kuwaambia zimetoka wapi, nikawaomba wazieleze. Mmoja alisema ni madeni ya watu wawili na msuluhishi wao katikati. Mwingine alisema ni samaki waliovuliwa na mitumbwi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alisema ni tarakimu za mchezo wa omweso, waliofunga na waliofungwa, na akaonyesha 10 na 5 kuwa ni ushindi wa mara mbili. Zote zilikuwa tafsiri safi. Nilipouliza ni kitu gani kingewaonyesha kwamba wamekosea, darasa lilinyamaza, kisha yule wa madeni akasema: "Mwalimu, tungemwuliza mwenye deni." Sijasoma jibu bora kuliko hilo katika vitabu vya wataalamu.

Je, tusiseme lolote basi? La. Uhakiki si kukana kila kitu. Yapo mambo ambayo mfupa wenyewe unayabeba. Mikato imekusanywa kwa makusudi katika mafungu, na nafasi zimeachwa. Bahati haichanji hivyo safu tatu. Jumla mbili sawa za 60 ni jambo la kutazamwa, ijapokuwa si ushahidi kamili. Kuongeza maradufu katika safu ya katikati naona ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hurudiwa mara tatu mfululizo na haihitaji elimu ambayo mvuvi asingekuwa nayo. Kalenda ni dhana ya wastani. Namba tasa ni dhaifu, nayo ndiyo inayopendwa kuliko zote. Pia wako waliosema kwamba mikato ni ya kuzuia mkono usiteleze, kwani huenda mfupa ulikuwa mpini wa chombo cha kuchorea, na chembe ya kwatzi ndiyo makali yake. Dhana hiyo haina fahari, ndiyo maana haisimuliwi; lakini ndiyo pekee inayokumbuka kwamba kwatzi ipo.

Mfupa wa pili wenye mikato, kutoka Ishango hiyohiyo, ulikuja kujulikana kwa umma miaka mingi baada ya wa kwanza. Hauna umaarufu wa nduguye, na mtu aweza kukisia sababu: haukupangika vizuri katika hadithi iliyokwisha kusimuliwa. Kusini mwa bara letu, katika pango liitwalo Border Cave, karibu na mpaka wa Afrika Kusini na Eswatini, ulipatikana katika miaka ya 1970 mfupa mwingine wa nyani, wenye mikato 29 na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Wapenzi wa mwezi waliushangilia, kwani mwezi mwandamo ni siku ishirini na tisa na nusu. Wachache hukumbuka kusema kwamba mfupa huo umevunjika ncha moja, na kwamba 29 ni hesabu ya mikato iliyobaki.

Najua kwa nini habari hizi hupendwa, na wala simlaumu anayezipenda. Kizazi cha walimu wetu kilisomeshwa kwa vitabu vilivyosema kwamba Mwafrika hakuwa na hesabu isipokuwa ya vidole. Mfupa wa Ishango ulipotokea ulikuwa kama jibu lililotumwa na ardhi yenyewe. Lakini ngao yapasa ijaribiwe kabla ya kwenda nayo vitani. Tukimwambia mtoto kwamba wazee wake waligundua namba tasa miaka elfu ishirini iliyopita, na siku moja akutane na mtu atakayemwonyesha jambo la witiri kwa dakika mbili, atatupa ngao pamoja na mkono uliompa. Isitoshe, tunachokijua kwa yakini kinatosha: kwamba kando ya ziwa hili, wakati ambapo sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini ilikuwa chini ya barafu, palikuwa na watu waliovua kwa vyusa vyenye miiba na ambao walikuwa na sababu ya kuweka alama kwa mafungu.

Nimalizie kwa lugha, ambayo ndiyo kazi yetu. Katika maandishi ya Kiswahili yanayozungumzia mfupa huu, kosa halitokani na ujinga wa sayansi. Hutokana na kuangusha maneno madogo. Mwandishi wa lugha ya kigeni anasema jambo kwa tahadhari, mfasiri wetu anaondoa tahadhari hiyo kwa sababu inamharibia mwendo wa sentensi, na "huenda ilikuwa kumbukumbu" inageuka kuwa "ni kikokotoo cha kwanza duniani". Na hali Kiswahili kina ngazi nzuri mno ya yakini. Tuna "ni", tuna "ni dhahiri", tuna "yaelekea", tuna "yamkini", "huenda", "pengine" na "labda"; tuna "inasemekana", ambayo humtupia mtu mwingine mzigo; tuna -nge-, ambayo huweka jambo katika nchi ya mambo yasiyokuwako. Mwanafunzi anayeweza kupanda na kushuka ngazi hiyo amejifunza sarufi zaidi kuliko yule aliyekariri ngeli zote. Ndiyo sababu napendekeza Ishango iwe somo la ufahamu, na matini yenyewe yawe mafupi, kwa mfano hivi:

"Mwaka 1950, katika uchimbaji ulioongozwa na Jean de Heinzelin huko Ishango, Kongo, ulipatikana mfupa wenye urefu wa sentimita kumi hivi. Una mikato iliyopangwa katika safu tatu na kutengwa kwa mafungu. Yaelekea mafungu hayo yalitiwa kwa makusudi. Huenda aliyeyatia alikuwa akihesabu kitu, na pengine alijua kuongeza namba maradufu. Wengine wamedhani kwamba ni kalenda ya mwezi, na wengine kwamba ni mpini tu. Mfupa una umri wa zaidi ya miaka 20,000. Aliyeuchanja hajulikani, wala lugha yake."

Maswali ya ufahamu mwalimu ataweza kuyatunga mwenyewe. Mimi ningeanza na moja: ondoa "yaelekea", "huenda" na "pengine", kisha eleza ni sentensi zipi zimebaki na ukweli wake na zipi zimegeuka kuwa jambo jingine.